Umewahi kurudisha nyuma apdeti kwenye Linux? Ikakuokoa au ikakuzamisha? Tupeane uzoefu

Kibatari

Wakuu, habari za jioni.

Kila aliyekaa na Linux miaka kadhaa ana siku yake ya kujuta kusasisha. Yangu ni ya juzi. Bando lilikuwa linaisha saa sita usiku, MB 800 bado zipo, roho inauma kuziacha ziungue. Nikafungua terminali, apt update, apt upgrade (amri za kusasisha), vifurushi mia na ushee (pakeji za programu jamani, sio vya simu) vikashuka. Nikalala kwa raha ya mtu aliyekula hela yake yote.

Asubuhi waifai hakuna. Sio kwamba inasuasua, ile alama yenyewe imetoweka kwenye skrini kama vile laptopu haijawahi kuwa na kadi. Ni Linux ya aina ya Debian 12, mashine ya mtumba, na saa tatu natakiwa niwe nimetuma mahesabu ya kikoba.

Nikaizima, nikawasha. Menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo mashine ikiwaka) ilipotokea nikachagua "Advanced options", nikakuta kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani bado ipo. Nikaingia nayo, waifai hii hapa. Mahesabu yakaenda. Jioni nikasoma /var/log/apt/history.log, maana mle imeandikwa kila pakeji iliyobadilishwa, kutoka toleo gani kwenda lipi na saa ngapi. Nikaifungia kerneli isipande tena: apt-mark hold linux-image-amd64.

Nyie mmewahi kurudi nyuma? Waliozama nao waje, hatucheki mtu.

Mgosi wa Pongwe

Mimi sinaga hizo. Ikiharibika nafuta yote naweka upya. Nusu saa naendelea na maisha.

Kibatari

Nusu saa na GB ngapi, mkuu? Mimi bando nanunua la siku.

Mgosi wa Pongwe

Ofisini kuna waifai ya bosi 😂

nahodha_msa

Ya kuzama ninayo mimi.

Natumia Arch, Linux ya aina nyingine. Kule pacman, chombo cha kusakinisha programu, haitupi pakeji za zamani, zinalala /var/cache/pacman/pkg mpaka uzifute mwenyewe. Kurudi nyuma ni kuandika pacman -U na jina la faili, basi. Wepesi huo ndio ulioniponza. Kuna programu ilikataa kufunguka baada ya apdeti, ikawa inaitafuta icu ya zamani, maktaba ya msimbo inayotegemewa na programu nyingi. Nikasema nairudisha icu peke yake. Pacman ikakataa, ikanitajia wote wanaoitegemea ile mpya. Mimi nani wa kukatazwa? Nikaongeza -dd, yaani usiangalie nani anamtegemea nani. Ikakubali.

Hapo hapo nusu ya mashine ikafa. Kila ninachofungua kinadai icu mpya. Kilichonitoa jasho, pacman nayo haiwaki, kwa sababu inapitia maktaba nyingine ambayo nayo inaitegemea icu hiyo hiyo. Ni kama umefunga mlango ukakumbuka funguo umeziacha ndani.

Nikaenda kwa jirani kuazima flashi, nikaitia Arch, nikawasha mashine kwa hiyo flashi, nikapachika diski kwenye /mnt, ndipo pacman ya kwenye flashi ikaandika kwenye diski kwa --root /mnt. Nilianza baada ya magharibi, nikamaliza watu wamelala.

Sasa hivi nikirudi nyuma narudi na vyote. Kuna Arch Linux Archive, inahifadhi ghala zima kwa tarehe. Unaielekeza mirrorlist (orodha ya seva za kupakulia) kwenye tarehe ambayo mashine ilikuwa nzima, halafu pacman -Syyuu. Hizo u mbili ndizo zinazoruhusu kushuka.

Mwalimu_wa_Zamu

Mimi nasimamia maabara ya shule, kompyuta 11 za Linux Mint. Kwetu Timeshift ndiyo mkombozi, inapiga picha ya mfumo kabla sijasasisha, pakiharibika narudisha picha naondoka. Faili za watumiaji haizigusi isipokuwa ukiiambia, na mimi sikuwahi kuiambia.

Sasa nilikuwa likizo ya uzazi. Aliyenishikia akaona kile kisanduku cha /home hakina alama, akaona ni uzembe wangu, akakiwekea alama kwenye kompyuta moja. Nia njema kabisa. Wiki mbili baadaye apdeti ikaiacha printa haichapi, akarudisha picha ya wiki iliyopita. Printa ikachapa. Ila na kazi za wanafunzi zikarudi wiki iliyopita. Kijana wa kidato cha nne aliyekuwa anamalizia mradi wake alikuta ukurasa wa tatu mahali pa ukurasa wa tisa.

Niliporudi nilimkuta bado ananuna. Hakuna mtu aliyeweza kumweleza kwamba kompyuta haikukosea, ilifanya ilichoagizwa.

nahodha_msa

Dada, hiyo ya kijana imeniuma kuliko yangu.

mtaa_wa_saba

Kuna kurudi nyuma ambako hukuanzishi wewe. Ijumaa Kuu ya mwaka 2024, tarehe 29 Machi, natoka kanisani nafungua simu, habari ni moja tu: xz (programu ya kubana faili) 5.6.0 na 5.6.1 zina mlango wa nyuma, wa kuingilia mashine kwa siri. Aliyeugundua, Andres Freund, hakuwa hata anatafuta hitilafu, alishangaa tu kwa nini kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta ukiwa mbali) kunachelewa nusu sekunde.

Mimi nilikuwa Debian testing, ile ya majaribio. Nikaandika dpkg -l xz-utils nikitetemeka: 5.6.1. Nikaichomoa mashine kwenye mtandao kama vile ina kichomi, baadaye nikairudisha dakika chache tu za kusasisha. Utamu uko kwenye namba ya dawa. Kwa apt toleo jipya lazima liwe na namba kubwa kuliko la zamani, sasa unamrudishaje mtu 5.4 wakati anayo 5.6? Wakaiita 5.6.1+really5.4.5-1. Yaani nje imevaa 5.6.1, ndani ni 5.4.5. Nilicheka peke yangu siku ya kufunga.

Zuhura Kimya

Wanaorudisha Firefox wakumbuke: tangu toleo la 67, programu ya zamani ikikuta wasifu (folda ya alamisho na mipangilio yako) uliokwisha kufunguliwa na toleo jipya inagoma, inataka ikufungulie wasifu mpya mtupu. Mie nilidhani alamisho zangu za miaka sita zimekufa. Kumbe zipo, kwenye folda ya wasifu ule wa mwanzo. Nikapanda tena toleo jipya, nikazikuta.

Fundi Mstaafu

Vijana, mmesema vizuri, ila ya mleta uzi hainiingii akilini. Kerneli ya Debian 12 haiamki asubuhi ikasahau waifai bila sababu. Hiyo kadi draiva yake ulipakua pembeni? Andika dkms status (dkms ndiyo huijengea kerneli draiva za pembeni), kisha dpkg -l | grep linux-headers (faili za kerneli za kujengea draiva), utuletee.

Wakati tunasubiri: kwenye Debian anayetaka toleo la zamani aanze na apt policy na jina la pakeji, aone yapi yapo ghalani, halafu apt install jina=toleo. Usitegemee /var/cache/apt/archives. Ukisakinisha kwa amri ya apt, ikimaliza inafuta faili za deb, ile apt-get ndiyo huziacha. Likikosekana kabisa nenda snapshot.debian.org, kuna maghala ya tangu 2005. Wa Fedora wana dnf history undo (amri ya kutengua apdeti), tamu sana, ila ghala lao la apdeti linabaki na toleo la mwisho tu. Ukichelewa unaweza kuambiwa pakeji ya kurudia haipo.

Kibatari

Shikamoo mzee. Umepiga penyewe.

Draiva ni ya pembeni, dkms. Kwenye kerneli ya zamani imejengwa, kwenye mpya haipo. Na linux-headers-amd64 haimo kabisa: niliiondoa mwenyewe mwezi wa pili nikitafuta nafasi kwenye diski.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Basi kila kerneli mpya ikiingia dkms inataka kuijenga draiva upya, ikikosa headers haijengi. Irudishe hiyo pakeji, na ile hold uifungue. Kerneli uliyoifungia haipati viraka vya usalama.

Kibatari

Nimeirudisha, nimeona dkms inajenga kwa macho yangu. Unhold, nikawasha na kerneli mpya, waifai ipo. Siku mbili naitukana kerneli ya watu.

Mgosi wa Pongwe

Kusoma hapa nimejaribu apt-mark showhold kwenye kompyuta niliyorithi kwa jamaa aliyeacha kazi. Imeleta pakeji 14 zilizofungiwa. Wakuu, nianzie wapi?