Tupeane uzoefu: pazia la bafuni la kujishonea, kulitia viraka na kulipamba (hasa sisi wa nyanda za juu)

MwanaUyole (mleta mada)

Wakuu, habari za baridi. Nyumba zetu nyingi huku bafu na choo ni chumba kimoja, sakafu moja, mtaro mmoja. Bila pazia maji yanarukia karatasi ya chooni, taulo na ndala za anayefuata. Hiyo kila mtu anaijua. Ila kwa mtu wa Mbeya, Njombe au Makete pazia lina kazi ya pili ambayo ndugu zetu wa Dar hawaijui: linashika mvuke. Ukioga na ndoo ya maji ya moto mwezi wa saba, ndani ya pazia ni Kyela, nje ya pazia ni Makete.

Sasa haya ya plastiki nyembamba tunayonunua hayadumu. Nimeyaangalia ya kwangu na ya majirani, na karibu yote yanakufa kwa namna moja. Hayafi katikati. Yanafia juu, kwenye vitundu vya ringi, hasa vitatu vya mwanzo upande ule unaovutwa. Pazia zima bado, vitundu vitatu vimechanika, mtu anatupa. Mimi nakataa kutupa.

Nilichofanya: nilichukua mkanda wa begi la shule lililochakaa, ule wa nailoni wa upana wa vidole viwili. Begi moja halitoshi, omba na la jirani. Nikakata ukanda wote wa juu uliochanika, nikalaza mkanda pale, nikashona mistari miwili. Vitundu sikutoboa kwa mkasi. Nilishika msumari wa inchi nne kwa koleo, nikauchomeka kwenye mkaa hadi ukaiva, halafu nikaubonyeza taratibu kwenye mkanda. Nailoni inayeyuka, ukingo wa tundu unaganda na kuwa mgumu, hautoi nyuzi hata uvute vipi. Fanyia nje, ule moshi si wa kuvuta. Pazia la kawaida ni sentimita 180 kwa 180 na lina vitundu 12, kwa hiyo toka tundu hadi tundu acha kama sentimita 16. Na kwa kuwa umekata juu, pazia limefupika, basi shusha bomba la kutundikia pazia.

Karibuni. Nataka waliojishonea, waliotia viraka, waliopamba. Picha za bafu za hotelini tuachie wenye hoteli.

FundiMashineTatu

Kamwene wote. Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa, mapazia ya plastiki nimeshonea watu wengi na nimesikia cherehani zikilaaniwa bure. Tatizo ni mguu wa cherehani: plastiki inaugandia, haisogei, mshono unarundikana sehemu moja. Weka karatasi nyembamba juu ya plastiki, hata gazeti, shona juu yake, ukimaliza unaichana karatasi inatoka yenyewe kwenye mshono.

Hatua ya mshono iwe ndefu. Ukishona hatua fupi unaitoboatoboa plastiki mpaka inachanika kwenye mstari. Usirudishe mshono mwishoni kama unavyofanya kwenye nguo. Acha nyuzi ndefu ufunge fundo kwa mkono. Sindano namba 14 inatosha, 16 kama kuna mkanda kama wa mleta mada. Uzi uwe wa polista. Wa pamba unaoza kwa unyevu, unabaki na pazia zima lisilo na mshono.

Pini usiziguse. Tundu la pini kwenye plastiki halizibi tena, tumia vibanio vya kuanikia nguo. Na msije asubuhi na mapema na plastiki ya baridi, imekakamaa na ikikunjwa kwa nguvu inapasuka. Ianike kwanza hadi ilegee. Pasi ndiyo usiseme kabisa.

MpangajiSoweto

Mimi sijui kushona, ila nina kisa. Nyumba yetu tuko wapangaji sita, bafu moja la uani, mlango wake uling'oka bawaba na mwenye nyumba ni mtu wa "nitakuja wiki ijayo". Mama mmoja wa chumba cha mbele akaona aibu, akaleta kanga yake akaitundika mlangoni kwa kamba ya katani. Kanga imeandikwa SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Asubuhi saa kumi na mbili tumejipanga na ndoo zetu tunasoma maneno hayo, na aliyeko ndani haharakishi. Kuna mzee mmoja kila siku lazima aulize, "Abiria, unashuka lini?"

Ushauri kidogo: kanga ikilowa inaning'inia na kuonyesha kivuli cha aliye ndani. Tuliongeza nyuma yake mfuko wa mbolea uliopasuliwa, salfeti ile, ukaoshwa vizuri sana maana mbolea inawasha. Sasa haionyeshi kitu, na upepo hauibebi.

MamaTukuyu

Mugonile bosa. Huku kwetu mvua haina adabu, na kila nyumba utakuta miavuli miwili mitatu iliyovunjika mbavu imesimamishwa nyuma ya mlango. Kitambaa kizima, chuma kimekufa. Hicho kitambaa ndicho pazia langu.

Mwavuli wa kawaida una vipande vinane vya pembetatu. Ufumue kwa wembe, taratibu, usikate. Vipange kimoja kikiangalia juu, kinachofuata kikiangalia chini, uvishone hivyo hivyo mpaka vyote vinane viishe. Unapata ukanda wa kama sentimita 60 kwenda juu na mita moja na nusu na zaidi kwa urefu. Miavuli mitatu, kanda tatu, unaziunganisha, una pazia. Kitako cha pembetatu kina mviringo kidogo, usihangaike kuunyoosha kabla. Shona kwanza, kisha kata kingo zote kwa pamoja. Uwazi mdogo unaobaki penye ncha za pembetatu unaufunika na kipande kidogo cha kitambaa.

Cha kujua ni kwamba maji hayapiti kwenye kitambaa, yanapita kwenye matundu ya sindano. Chukua mshumaa mweupe, sugua kwenye kila mshono upande wa maji, halafu usugue kwa kiganja chako ili nta iingie. Kila ukiona mshono umeanza kutoa jasho, rudia.

Langu lina mwavuli mweusi wa marehemu baba mkwe, mwekundu wa mwanangu na mmoja wa maua ambao sikumbuki ulitoka wapi. Wageni wanadhani nimenunua nje ya nchi. Mimi nanyamaza tu.

KijanaIpogolo

Mama heshima yako. Hiyo ya miavuli nimeipenda sana.

Mimi niongelee bomba. Hapa Iringa tuna mianzi, na nyumbani ukitaja mwanzi watu wanafikiria ulanzi tu, pombe ya mwanzi. Nilichukua uliokomaa, uliokauka kivulini, nikaupiga vanishi mara mbili na kuziba ncha zote mbili kwa nta maana unyevu unaingilia pale. Unapendeza kuliko bomba la chuma na hauli kutu. Ila mafundo ya mwanzi yanazuia ringi kuteleza, yapige msasa mpaka yalale.

Ringi nazo sinunui. Chupa ya maji ikifunguliwa inabaki na kile kipete cha plastiki shingoni. Kivute kwa ubapa wa kisu kitoke kizima. Kinaingia vizuri kwenye paipu ya milimita 20, ile ya kupitishia nyaya za umeme ukutani. Mwanzi mwembamba nao unapita. Unafunga pazia kwenye kipete kwa kamba ya nailoni. Waya wa kufungia nondo msitumie, utaota kutu upesi na madoa yake kwenye pazia jeupe hayatoki.

ShemejiMbalizi

Nauliza wajuzi. Kwa nini pazia linakufuata? Ukifungua shawa tu linakuja kukukumbatia miguuni, la baridi hilo.

TichaWaForest

Shemeji, swali lako limeshapewa tuzo. Mwaka 2001 David Schmidt wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alipewa Ig Nobel ya fizikia, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa swali hilo hilo. Alitengeneza bafu ndani ya kompyuta akaona kwamba matone yanayoshuka yanazungusha hewa, kinatokea kimbunga kidogo kilicholala ubavu, na katikati yake mgandamizo wa hewa unashuka. Pazia linavutwa kuelekea huko. Wengi husema ni hewa ya moto kupanda juu na ya baridi kuingia chini, na kwa maji ya moto hilo nalo linaongezea, lakini hata ukioga maji ya baridi pazia linakuja. Anayeoga kwa ndoo na kopo hana shida hii.

Dawa ni uzito chini. Nati na misumari vina kutu. Mimi nimeshona vifuko vidogo kwenye kona na katikati, ndani gololi za watoto. Kioo hakiozi. Vifuko viwe vya wavu ili maji yasitulie humo.

DadaNjombe

Kuhusu upindo wa chini nitofautiane na mafundi. Plastiki haitoi nyuzi, kwa nini mnaipinda? Ule upindo unashika maji, unashika sabuni, na ndipo ukungu mweusi unapoanzia. Langu nimeukata wote kwa mkasi, na nimeacha upana wa vidole vitatu kati ya pazia na sakafu. Kingine, ukimaliza kuoga lisambaze, usilisukumie pembeni likiwa mbichi. Mikunjo haikauki huku kwetu, wiki nzima jua halionekani.

Kwa ukungu wenyewe: loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye siki kikombe kimoja, usiku mzima, asubuhi sugua na bekingi soda kwa brashi laini. La kitambaa cheupe linavumilia jiki.

FundiPaipuMafinga

Dada hapo umegusa pa hatari, niongezee. SIKI NA JIKI VISIKUTANE. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na bafu zetu hizi zenye kidirisha cha ukubwa wa kitabu unaweza kuanguka humo humo. Tumia kimoja, suuza sana, kingine siku nyingine kama bado unakihitaji.

Mleta mada ametaja pia viraka. Gundi ya viraka vya baiskeli ni ya mpira, kwenye plastiki inashika siku mbili halafu mvuke unaibandua. Selotepu pana inafaa kwa muda: futa kwa spiriti, bandika pande zote mbili, na kata kona za selotepu ziwe za mviringo maana kona kali ndiyo huanza kunyanyuka.

Mimi natumia gundi ya mabomba ya plastiki. Kiraka kikatwe kwenye pazia hilo hilo, ule ukanda wa chini aliousema dada unafaa. Paka kidogo SANA, kwa ncha ya kijiti, bana kati ya vibao viwili vyenye karatasi ya nailoni. Ukizidisha inalila pazia linajikunyata. Na ujue kwamba inashika PVC tu, ile plastiki ya mabomba. Siku hizi kuna mapazia yasiyonuka kabisa, ni PEVA, plastiki ya aina nyingine, hayo gundi hii haiyagusi. Jaribu konani kwanza.

MpangajiSoweto

Siki na jiki, kumbe! Abiria wengine wangeshuka mapema.

MkweWaKihesa

Mimi niko upande wa urembo. Kitenge nje, plastiki ya bei nafuu ndani, vyote kwenye ringi moja. Plastiki inapokea maji, kitenge kinapokea sifa. Kitenge kifuliwe mpaka maji yawe meupe kabla hujakitundika, vinginevyo rangi itashuka kwenye vigae. Upana wa kitenge ni kama mita 1.1 hivi, kwa hiyo unahitaji vipande viwili na mshono wa katikati. Mshono huo mimi nimeufunika na utepe wa uzi uliofumwa kwa kulabu, maua madogo madogo kama ya vitambaa vya makochi.

Kwenye plastiki ya ndani nimeshonea wavu wa mfuko wa vitunguu, mifuko minne kwa urefu tofauti. Ya chini ya watoto na vikopo vyao, ya juu sabuni na dodoki. Maji yanachuruzika, sabuni haiyeyukii kwenye kisahani. Mume wangu alicheka kwanza, sasa wembe wake uko mfuko wa tatu.

ShemejiMbalizi

Asanteni sana, ndaga fijo. Na kama sina begi la kuchuna mkanda, zile ringi ndogo za chuma kama za turubai nani anagonga?

FundiMashineTatu

Nenda kwa fundi viatu, si kwa fundi nguo. Anazo zile za vitundu vya kamba za viatu na koleo lake. Mwambie unataka za shaba, za chuma zitakuachia madoa. Na pazia likunjwe mara mbili pale juu kabla hajagonga, ukanda mmoja tu haushiki.

MwanaUyole

Shemeji, hapo Kabwe, Mbeya mjini, hukosi, mafundi viatu wapo wengi. Jumamosi na mimi nitakuwa huko kutafuta miavuli mibovu. MamaTukuyu, nauliza tu, mbavu za chuma unapeleka wapi?

MamaTukuyu

Zinashikilia nyanya bustanini. Ukipata zilizonyooka niletee.