Msaada wakuu: GnuCash inasema nilipe 36,800, benki wanadai 147,600, nani kakosea?

FundiPampu
Wakuu habari za jioni, poleni na mihangaiko. Naombeni ushauri kwa mnaojua mambo ya kadi za mkopo na hizi programu za hesabu maana kichwa kinaniwaka.

Niko Mtwara mjini, nauza spea na kutengeneza mashine za kupulizia korosho. Mnaojua huku mnajua ilivyo, msimu wa kupulizia spea zinatoka kama njugu ila hela hakuna, mkulima anakwambia fundi niandikie, korosho zikiuzwa nakuletea, ukikataa anaenda kwa jirani. Sasa mwaka jana nikachukua kadi ya mkopo benki, naagizia spea mtandaoni, nikasema kila mwezi nitakuwa nalipa kile kiwango cha chini tu mpaka minada ianze mwezi wa kumi nimalize lote.

Hesabu naweka GnuCash kwenye laptopu, nilishusha bure. Kuna jamaa mmoja Mmarekani nilimuona kwenye video ameweka muamala wa kujirudia wenye fomula, salio mara 0.02, na mi nikaiga. Mwezi wa saba ikanipa 36,000, nikaongeza nikalipa 40,000 nikajiona mstaarabu. Mwezi huu inasema 36,800. Leo nafungua steitimenti ya tarehe 15 nakuta wanataka 147,600 mwisho tarehe 8 mwezi wa tisa. Mara nne! Alafu deni wanasema 1,952,000 wakati kwangu linasoma 1,840,000. Nani kakosea? Nawasilisha.

Mtu wa Newala
Ngoja waje wajuzi. Ila mkuu hiyo kadi ni kangomba ya plastiki, sawa na kumuuzia mlanguzi korosho kabla hujavuna, unakula kiangazi unalipa msimu.

DadaShangani
Kaka FundiPampu pole. Hakuna aliyekosea kujumlisha, umeiga tu fomula ya nchi ya watu. Asilimia 2 ni ya benki ya huyo jamaa. Kila benki ina yake na imeandikwa kwenye mkataba uliosaini, kile kikaratasi cha maandishi ya sisimizi. GnuCash haijui benki yako inataka nini, inazidisha ulichoiambia izidishe basi. Fungua mkataba utuambie: asilimia ngapi, kiwango cha chini kabisa shilingi ngapi, riba kwa mwezi, na faini ya kuchelewa.

FundiPampu
Nimeutafuta mpaka kwenye boksi la plagi nimeuona. 5% ya salio la steitimenti au 50,000, ipi kubwa, *pamoja na kiasi chochote kilichopitiliza muda*. Riba 2.5% kwa mwezi. Kuchelewa 25,000.

DadaShangani
Si umejijibu? Mwezi wa saba salio lilikuwa 1,800,000, 5% yake ni 90,000, wewe ukatoa 40,000. Umebakiza 50,000, haijafutwa, imehamia mwezi huu. Chukua 1,952,000 mara 5% unapata 97,600, ongeza 50,000 ya nyuma, 147,600 hiyo hapo hata senti haijapotea.

FundiPampu
Duh. Ila faini wameniwekea na mi nililipa tarehe 8 ileile ya mwisho, ilikuwa Nanenane nikatuma kwa simu nikiwa njiani naenda Ngongo, nashangaa inasoma imeingia tarehe 9.

mzee_wa_leja
Kijana, sikukuu benki zimefunga, hela ilikuwa inasubiri watu waamke. Malipo ya kadi fanya siku tatu nne kabla. Lakini hata ingefika tarehe 8 asubuhi faini ingekuhusu tu, kwa sababu 40,000 sio 90,000. Ukilipa pungufu ya kiwango cha chini wanakuhesabu hujatimiza.

Sasa tofauti ya deni. 1,952,000 toa 1,840,000 ni 112,000. Riba 2.5% ya 1,840,000 ni 46,000. Faini 25,000. Inabaki 41,000, hiyo tafuta mwenyewe kwenye steitimenti ni nini, mi sio mganga.

FundiPampu
Nimeiona mzee wangu, aibu yangu. Kuna programu ya kutengeneza mabango nilijiunga kwa majaribio ya bure, nikasahau kujitoa, wamekata.

mzee_wa_leja
Ndio maana salio la kwenye laptopu huwa halifanani na la benki kama huwafanyi wakutane. GnuCash ina sehemu ya kulinganisha akaunti na steitimenti, unaweka tarehe 15 na salio la mwisho la benki, unatiki muamala mmoja mmoja, kisichotiki upande mmoja ndio mwizi wako. Fanya hivyo *kabla* hujahesabu chochote, kwa sababu benki wanapiga asilimia kwenye salio la tarehe ya steitimenti, sio salio la leo unapofungua kompyuta. Ukinunua spea tarehe 17 hiyo inaingia mwezi ujao.

DadaShangani
Naongezea. Kulipa kadi usikuandike kama matumizi, naona wengi wanakosea hapo, ni kuhamisha hela kutoka akaunti ya benki kwenda kupunguza deni. Matumizi ni riba na faini, na spea ulishaziandika siku uliyonunua. La sivyo utaona duka linapata hasara mara mbili ukafunga bure.

Na hiyo minimamu, yaani kiwango cha chini, mi nisingeifanyia kwenye GnuCash, hesabu yenye "ipi kubwa" ni rahisi kwenye Excel au LibreOffice. Salio la steitimenti liweke A2, kilichopitiliza muda B2, alafu:

=MIN(A2;MAX(50000;A2*5%)+B2)

Hiyo MIN ya mbele ni ya siku deni limebaki dogo, isije ikakwambia ulipe 50,000 wakati unadaiwa 12,000. Ila B2 angalia usiijumlishe tena kwenye A2, kwako benki wanaitaja pembeni lakini tayari imo ndani ya lile salio kubwa.

FundiPampu
Inagoma dada, inaniletea kimeseji cha makosa.

DadaShangani
Badilisha hizo nukta mkato ziwe mkato wa kawaida, inategemea kompyuta imesetiwaje.

FundiPampu
147600. Aisee nimecheka peke yangu dukani. Kwahiyo nikiwa nalipa hiyo 5% kila mwezi niko salama?

mzee_wa_leja
Kwa faini uko salama, kwa deni hapana. Nimekupigia hapa haraka, ukiacha kununua kabisa na ukalipa 5% tu mwaka mzima, utatoa kama 1,016,000 na deni litashuka kama 533,000 tu, hiyo nyingine yote riba. Kwa sababu wewe unalipa 5, wao wanarudisha 2.5, alafu kadiri deni linavyopungua na malipo yanapungua, ni kama kukomba maji kwenye mtumbwi unaovuja. Sasa jaribu kuweka kiasi kisichobadilika, tuseme 150,000 kila mwezi bila kujali wao wanataka ngapi. Andika =NPER(2.5%,150000,-1952000) utaona inakuja 15.9, yaani miezi 16 umemaliza. Na hiyo ni bila kugusa hela ya msimu.

Jambo lingine watu hawalijui, ukishabeba deni kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine, kwenye kadi nyingi ule muda wa kununua bila riba unapotea, spea mpya inaanza kuliwa riba siku ileile. Kutoa keshi kwenye ATM kwa kadi hiyo ndio usithubutu.

Mtu wa Newala
Mi nilisema kangomba mkaniona mshamba.

binti_mikindani
Kwani usikope VICOBA kaka? Sisi kikundini riba tunagawana wenyewe mwisho wa mwaka.

FundiPampu
Dada kikundi nilikuwepo, muuzaji wa China hapokei VICOBA. Ila nimewaelewa. Kadi naifungia kwenye boksi la plagi na mkataba wake, tarehe 3 naweka 150,000, mwezi wa kumi wateja wakilipwa napiga mara mbili. Kuhusu kuandika madeni ya wakulima hapo sijui nitafanyaje, nina daftari lina milioni moja na laki tatu ndani yake na haina riba hata shilingi.

DadaShangani
Hiyo ndio minimamu ya kuanza kuihesabu.

Mtu wa Newala
Samahani nje ya mada, kabureta ya mashine ya kupulizia unayo? Yangu imekufa tangu Jumamosi. Niandikie, mnada wa kwanza tu nakuletea.

FundiPampu
Ipo mkuu. Keshi.