Ni kweli Roosevelt alipea serikali boma lao?

kijana_wa_Kayole: Wadau, bro wangu anaishi New York na nikienda kumtembelea anataka kunipeleka Hyde Park tuone kwao Roosevelt, yule rais wa vita vya pili vya dunia. Alizaliwa hapo 1882, akaoa akaleta bibi hapo hapo, na ndipo alizikwa. Hiyo naelewa, hata Moi yuko Kabarak. Penye nimekwama ni hapa, eti alipea serikali nyumba na alikuwa na watoto watano wazima. Kwani hakuna mtu alileta noma?

Mzee_Ngara: Alipeana 1943 akiwa bado rais, lakini kwa masharti, familia iruhusiwe kuitumia maisha yao yote. Akafa Aprili 1945, wenyewe wakaachilia hiyo haki, kufika Novemba ikawa ya serikali na Aprili 1946 wageni wakaanza kuingia. Na si ardhi yote, ni nyumba na kipande tu. Ingine ilibaki kwa familia, na Elliott, mmoja wa hao vijana, akaishia kuuza sehemu kubwa. Hiyo stori hata huku tunaijua.

Shiru_Donholm: Mimi nikiwa Eleanor, bibi yake, ningeachilia siku hiyo hiyo. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe jamani! Sara aliitawala mpaka akafa 1941, mezani yeye anakaa kichwa hiki, kijana yake kichwa kile, na bibi ya rais anawekwa kando na wengine. Ndio maana Val-Kill, nyumba ya Eleanor mwenyewe, ikajengwa, kama kilomita tatu hivi kutoka hapo, na akiwa mjane huko ndiko aliishi. Usirudi bila kupita hapo.

kijana_wa_Kayole: Weeh, rais mzima. Na ndani kuna nini ya maana?

fundi_Otis: Uliza lifti. Polio ilimshika 1921 miguu ikakataa, sasa hiyo lifti ni ya kupandisha masanduku, haitumii stima, unaketi ndani unavuta kamba na mikono mpaka juu. Aliogopa moto, stima ikipotea akwame humo. Kiti chake nacho ni kiti tu cha kawaida kimewekwa magurudumu, hakina hata pa kuweka mikono.

Mzee_Ngara: Shika treni Grand Central mpaka Poughkeepsie, kama masaa mawili, halafu teksi. Kaburi liko kwa bustani ya waridi, na Fala, mbwa wake, amezikwa hapo karibu.

Shiru_Donholm: Mbwa amepata nafasi hapo na Elliott anauza shamba 😂