Nimepandishwa cheo, lakini kila siku nangoja kuumbuka

Habari zenu wakuu. Mimi ni binti, mhasibu, ofisi yetu iko Posta. CPA, cheti cha uhasibu, ninayo, nimeitolea jasho. Mwaka huu mama mmoja alistaafu, bosi akanikabidhi kitengo chake cha kodi. Wenzangu wananipongeza, mimi nawaza huyu bosi kaniona nini.

Tarehe 20 ikikaribia, ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, inaninyima usingizi. Nakagua ankara moja moja, nafunga kompyuta, halafu nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi ya Kimara nafungua tena jedwali kwenye simu, mkono mmoja kwenye bomba. Hadi leo TRA, watu wa mapato, hawajaniuliza chochote, lakini nasema ni bahati, siku yangu yaja. Vikaoni sifungui mdomo, hata mtu akitaja kiwango cha kodi ambacho najua sicho. Nafikiria kumwomba bosi anirudishe nilikotoka. Nishaurini.

Kijana wa Tandika: Dada usithubutu! Mshahara umepanda au haujapanda?

Mama Leja: Pole mdogo wangu. Hali hiyo wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliiandikia makala mwaka 1978. Waliiona kwa wanawake wasomi, wenye vyeo vyao, walioamini wamewazuga watu tu. Si ugonjwa wa kuandikiwa dawa. Kinachokumaliza ni kwamba unaogopa, unakesha, kazi inatoka safi, kisha sifa zote unaupa mkesha. Mwezi ujao unakesha tena. Ndiyo maana hata ritani mia zikipita hutajiamini. Kagua mara moja kwa orodha, mwenzako apitie, tuma, kalale. Mwezi wa kwanza utaumwa tumbo, vumilia.

Mzee wa Risiti: Naomba niulize, msinishambulie. Hakuna kitu ambacho kweli hukijui? Maana humu tukisikia mtu ana wasiwasi tunamwambia "jiamini" basi. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla ya kumlipa mtu, kwa malipo ya wasio wakaazi wa nchi, kwa mfano, inawatoa jasho hata wakongwe. Kama kuna sehemu kama hiyo, kaisome, au mtafute yule mama aliyestaafu. Hofu iliyobaki ndiyo ya kushughulika nayo kivingine.

Mleta uzi: Mzee umepiga penyewe, hiyo ya zuio inanisumbua kweli. Mama yuko Mbagala, nitamwendea Jumamosi. Ila mwenzangu akipitia kazi yangu si ataona siwezi?

Mama Leja: Tangu lini hesabu zikatoka ofisini bila jicho la pili? Huo ni utaratibu wa kazi, wala huombi msaada. Mwambie "pitia hii kabla sijatuma." Na usianze na samahani, nakujua.

Mleta uzi: 😂 Nilishaiandika hiyo samahani. Naifuta.

Kijana wa Tandika: La mshahara bado hujajibu.