MJADALA: Halmashauri za England na nyumba zao za kupangisha, zipimwe kwa dodoso au kwa ukuta?

Mwanzisha mada
Tangu Aprili 2023, wenye nyumba za jamii, yaani za kupangisha kwa kodi nafuu, England (Scotland na Wales wana taratibu zao), halmashauri zikiwemo, wanakusanya vipimo 22 vya utendaji: 12 vinatokana na dodoso la wapangaji, 10 vinatoka kwenye majalada ya mwenye nyumba. Kuanzia 1 Aprili 2024, mdhibiti wa nyumba za jamii anamkagua kila mmiliki mwenye nyumba zaidi ya 1,000 na kumpa daraja, C1 (bora) hadi C4 (baya kabisa).

Hoja yangu ni kwamba ripoti ya mwaka wanayopelekewa madiwani inaegemea mno vipimo hivyo, na baadhi yake havipimi kile msomaji anachodhani. Chukua "matengenezo yaliyokamilika kwa muda uliopangwa". Muda huo hupangwa na mwenye nyumba mwenyewe. Halmashauri iliyojipa siku 90 kwa kazi ya kawaida na jirani yake aliyejipa siku 20, wote wanaweza kuandika asilimia 95.

Usalama wa moto ndio unaotisha zaidi. Kinachohesabiwa ni kama tathmini ya hatari imefanyika, wala haihesabiwi kama mlango mbovu wa kuzuia moto uliotajwa ndani yake umebadilishwa. Newham, London, ilipewa C4 mwaka 2024, na miongoni mwa yaliyokutwa ni kazi zaidi ya 9,000 za usalama wa moto zilizopitiliza muda wake. Watu 72 walikufa jengo la ghorofa la Grenfell, London, lilipoungua mwaka 2017. Kazi zilizobaki ndizo zingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti.

HesabuWazi
Mkuu, dodoso usilitupe. Halmashauri yenye nyumba 9,000 inatakiwa ipate matokeo yenye kosa lisilozidi asilimia 4 juu au chini, yaani majibu kama 560. Idadi hiyo inatosha kabisa. Tatizo ni njia ya kuuliza. Wanaohojiwa kwa simu au uso kwa uso kwa kawaida hutoa alama za juu kuliko wanaojaza mtandaoni, kwa hiyo halmashauri ikibadili njia katikati, alama zinaweza kupanda bila boila hata moja kuguswa. Diwani aulize mambo mawili: mwaka jana mliuliza kwa njia gani, na waliojibu wanafanana na wapangaji wenu kwa umri, aina ya nyumba na lugha?

Malalamiko nayo husomwa kinyume. Idadi ndogo kwa kila nyumba 1,000 isishangiliwe kabla ya kuangalia kama simu za wapangaji zinasajiliwa kama "ombi la huduma" ili zisihesabiwe kwenye muda wa kujibu malalamiko. Muda wenyewe ni mkali: kukiri kupokea ndani ya siku 5 za kazi, kujibu hatua ya kwanza ndani ya siku 10 nyingine, na hatua ya pili siku 20.

FundiUnyevu
Naunga mkono hoja ya mwanzisha mada, ila naongeza jambo ambalo ripoti hazionyeshi. Fundi anagonga mlango, hapati mtu, anaandika "sikuweza kuingia", na kazi inafungwa. Mpangaji akipiga simu tena, inafunguliwa kazi mpya na siku zinahesabiwa upya. Kwenye majalada hizo ni kazi mbili zilizomalizika kwa wakati. Ukutani ni uvujaji uleule.

Ukungu ni hivyohivyo. Ukuta unapigwa dawa na rangi, kazi inafungwa, na baridi ikirudi madoa yanarudi, kwa sababu feni ya bafu haivuti au mfereji wa paa umeziba. Dawa yake ni kuunganisha kazi zote kwa namba ya nyumba, kisha kuhesabu nyumba zilizopiga simu mara tatu kwa tatizo lilelile ndani ya miezi 12. Sheria iliyotokana na kifo cha Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 wa Rochdale aliyefariki 2020 kwa ukungu wa nyumba yao, imeanza kutumika 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, unyevu na ukungu wa hatari uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na baada ya uchunguzi mpangaji apate maelezo ya maandishi ndani ya siku 3 za kazi na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Ukifunga na kufungua kazi upya, huwezi kuthibitisha lolote kati ya hayo.

MfukoWaKodi
Ndugu zangu, mnataka kuta zikaguliwe, lakini sijasikia gharama. Kukagua ndani ya nyumba zote 9,000 za ule mfano wa HesabuWazi katika miaka 5 ni nyumba 1,800 kwa mwaka, kama 7 kila siku ya kazi. Fedha hizo zinatoka kwenye mfuko maalumu wa nyumba, uleule unaolipia mapaa na lifti. Ndiyo maana wengine hukagua sehemu ndogo na kunakili matokeo kwa nyumba za jirani zilizojengwa mwaka uleule.

FundiUnyevu
Kunakili kunafaa kukisia bajeti ya mapaa. Hakufai kusema nyumba fulani haina ukungu, maana hilo hutegemea watu wangapi wanalala humo, madirisha na feni. Basi zile 1,800 za mwaka wa kwanza zisiteuliwe kwa bahati nasibu. Waanze na milango iliyoandikwa "sikuweza kuingia", kisha nyumba ambazo hazijapiga simu hata mara moja kwa miaka mitatu.

MfukoWaKodi
Kwa mpangilio huo nakubali, ilimradi kazi zitakazogunduliwa zipangiwe fedha mwaka huohuo.