Tupeane Uzoefu: Mkopo wa Kwanza wa Nyumba Ukiwa na Doa la CRB

Mpangaji wa Umoja
Jana afisa wa mikopo aligeuza kompyuta yake ili nami nione, akaweka kidole juu ya mstari mmoja wa ripoti yangu ya CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za ulipaji wa mikopo, akanyamaza. Ulikuwa mkopo wa simu wa Sh3,400 niliouchukua mwaka 2019, nikabadilisha laini, nikausahau. Mke wangu nami tumeweka akiba kwa miaka sita ili tupate malipo ya awali ya nyumba ya vyumba viwili huko Athi River, na sasa mambo yamekwama kwa deni lisilotosha hata kodi ya wiki mbili. Waliopita njia hii, mlipitaje?

Mwalimu wa Nakuru
Umenikumbusha mbali. Mimi nilisoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nikamaliza, nikakaa miaka minne bila ajira ya kudumu, na sikuwahi kuwaandikia hata barua moja kuwaeleza hali yangu. Kosa lilikuwa langu. Faini ni Sh5,000 kwa kila mwezi unaopita bila kulipa, kwa hiyo nilipoajiriwa na kuamua kutafuta nyumba, nilikuta faini imelikaribia deni lenyewe. Nililipa kwa makato ya mshahara hadi senti ya mwisho, nikapewa cheti, nikaenda benki nikiwa nimevaa tai. Afisa alikisoma cheti, akanirudishia kwa heshima, akasema kwamba ripoti bado inaonyesha nilichelewa kwa muda gani. Nilikubaliwa benki ya tatu, kwa sharti la kuongeza malipo ya awali.

Fundi wa Kisauni
Hata mimi ni mkopo wa simu. Tuko wengi.

Subira Yangu
Ndugu Mpangaji, usikimbilie kulipa. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango ambao benki zilipunguza angalau nusu ya madeni ya simu yaliyokwama, na walionufaika ni wale waliokuwa wamesubiri.

Mwalimu wa Nakuru
Dada, mpango huo ulifungwa mwishoni mwa Mei 2023. Unamshauri mtu aiache nyumba kwa ajili ya kuokoa Sh1,700?

Subira Yangu
Nimetoa uzoefu wangu, Mwalimu. Si darasa hili.

Mama Watatu, Kitengela
Nimesoma nikaona heri niseme, ingawa mume wangu hapendi habari hii itajwe.

Mwaka 2017 shemeji yangu alitaka kununua matatu, nami nikaweka sahihi kama mdhamini. Gari lilifanya kazi miezi kumi na moja, kisha likapata ajali, naye akaenda Qatar kutafuta maisha. Hakuna aliyenipigia simu. Au pengine walipiga, nami sikuzipokea namba nisizozijua. Mwaka 2019 tulipata nyumba ya Sh5.2 milioni. Benki ilitazama hati zetu za mshahara, ikatupa barua ya kukubali kwa masharti, nasi kwa furaha tukatia sahihi mkataba na kulipa asilimia 10, yaani Sh520,000, tukiwa na siku 90 za kukamilisha. Nilikwenda na utepe wa fundi cherehani nikapima madirisha yote, nikashonesha mapazia ya rangi ya kahawia.

Siku ya 71 benki ikasema haiwezi kuendelea. Jina langu lilikuwa limeorodheshwa kwa deni ambalo sikuwahi kuligusa hata shilingi. Tulimpigia shemeji, akasema atatuma mwisho wa mwezi. Mama mkwe akaitisha kikao cha wazee, wakala, wakanywa chai, wakasema damu ni damu. Mwishowe chama chetu cha akina mama kilinikopesha, nikalipa malimbikizo ya Sh286,000, nikapata cheti cha CRB cha kuonyesha sidaiwi. Lakini benki ikataka sasa tutoe asilimia 30 badala ya 10. Tungeitoa wapi? Wakili wa muuzaji akatuletea notisi ya siku 21, na siku ya 22 nyumba ikawa si yetu. Tulirudishiwa nusu ya malipo baada ya kusihi sana. Yale mapazia nimeyatundika katika nyumba ya kupanga; ni marefu kuliko madirisha, yanafagia sakafu.

Fundi wa Kisauni
Pole sana, Mama. Shemeji yuko wapi sasa?

Mama Watatu, Kitengela
Alirudi. Mwaka 2022 alijenga kwao kwa fedha taslimu. Nilialikwa kwenye sherehe ya kuingia nyumba.

Mkweli Daima
Tusimlaumu shemeji peke yake. Kudhamini ni kukopa. Fomu ya benki husema hivyo waziwazi, ila watu hutia sahihi kama wanaotia sahihi kitabu cha wageni.

Subira Yangu
Wewe umewahi kukataa mbele ya mama mkwe? Tuambie ulitumia maneno gani.

Mkweli Daima
Sijaoa.

Fundi wa Kisauni
Tumeelewa.

Karani Mstaafu
Nilikaa kwenye meza ya mikopo kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni kurudi kwa Mpangaji. Kampuni za CRB zilizosajiliwa ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo, na si lazima rekodi zao zifanane. Omba ripoti kwa zote, kwani una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Lipa deni, kisha udai barua ya aliyekukopesha inayothibitisha kwamba umelipa, kwa sababu mara nyingi mtu hulipa na rekodi ikabaki vilevile hadi alalamike kwa maandishi. Cheti hakifuti historia: taarifa mbaya hubaki miaka mitano tangu siku uliyolipa, na ndiyo maana kila mwezi wa kusubiri msamaha unakuchelewesha wewe mwenyewe. Hata hivyo, Benki Kuu imesema alama ambazo CRB humpa mkopaji pekee zisiwe sababu ya kumnyima mtu mkopo. Mimi nilipoona doa dogo la zamani na mshahara ulioingia kwenye akaunti bila kukatika, niliita hiyo bahati mbaya. Nilipoona mikopo saba ya simu katika miezi mitatu, niliita hiyo tabia. Usisahau pia kwamba makato yote hayatakiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Mgeni kutoka Tanga
Huku kwetu wengi hatungoji benki. Unanunua kiwanja, mwaka huu msingi, mwakani boma, bati Mungu akijalia. Hakuna wa kukuuliza alama.

Mwalimu wa Nakuru
Na miaka kumi ya kodi wakati boma linaota nyasi utaihesabu wapi?

Mgeni kutoka Tanga
Ya kwangu ilikuwa kumi na miwili. Nyasi zilikuwa chakula cha mbuzi.

Fundi wa Kisauni
Ombeni kwa jina la mkeo basi, likiwa safi.

Karani Mstaafu
Kipato chake kisipotosha peke yake wataomba pamoja, na wakiomba pamoja ripoti zote mbili hutazamwa.

Mama Watatu, Kitengela
Mimi nilifanikiwa mwaka jana kupitia Sacco, kwa fedha zinazotokana na KMRC, kampuni inayowapa wakopeshaji fedha za mikopo ya nyumba, riba ikiwa chini ya asilimia 10. Walitazama akiba yangu ya miaka sita kabla ya kutazama doa. Nyumba ni ndogo kuliko ile ya kwanza.

Mpangaji wa Umoja
Nawashukuru nyote. Asubuhi hii nimelipa, na deni pamoja na malimbikizo limefika Sh5,150. Nimewaandikia kuomba barua. Mke wangu anauliza, Mama Watatu, kama mapazia yale bado unayahitaji.

Mama Watatu, Kitengela
Nimeyakata.