MJADALA: Riwaya za upelelezi zilizojaa baa, visu na maiti zinawachafua Weusi wa Marekani au zinasema kweli?

Mleta mada:

Wakuu habari za jioni. Juzi tumebishana na jamaa yangu mpaka tukakosana kidogo, sababu ni Devil in a Blue Dress, riwaya ya upelelezi ya Walter Mosley, mwandishi mweusi wa Marekani, ile iliyotoka 1990. Yeye anasema vitabu vya aina hii vinawachafua watu wale wale vinaowaandika, kwamba mzungu akifungua anakuta vilabu vya pombe, mapanga, watu wanauana, anakifunga akiwa na picha ile ile aliyokuja nayo. Mi nimekataa na naendelea kukataa. Ambaye hajasoma anisamehe maana nitagusa mpaka mwisho.

Hadithi yenyewe ni Los Angeles 1948. Easy Rawlins kazaliwa kusini, kakulia Houston, kapigana vita vya pili mpaka kaingia Ujerumani, karudi kapata kazi kiwanda cha ndege, kanunua kinyumba kidogo Watts, mtaa wa hapo hapo Los Angeles. Halafu kazi imekatika na rejesho la nyumba linadaiwa. Yuko kwa Joppy, baa iko juu ya ghala la wachinjaji, harufu ya nyama inapanda mpaka kwenye glasi, anaingia mzungu kavaa nyeupe tupu anataka mtu wa kumtafutia msichana wa kizungu anayependa kuzurura kwenye vilabu vya Weusi. Easy anakubali, na hakubali kwa sababu anapenda upelelezi, anakubali kwa sababu ya rejesho.

Sasa hapo ndo hoja yangu ilipo. Watu wanahesabu maiti, mi nasema hesabuni ile nyumba. Mosley anaitaja bustani yake mti kwa mti, kuna mparachichi, kuna mkomamanga unaozaa makomamanga zaidi ya thelathini kila msimu, kuna na mgomba ambao haujawahi kutoa hata mkungu mmoja, na Easy anaupenda vivyo hivyo. Mtu akikupeleka polepole hivyo kwenye uwanja wake mdogo anakwambia kitu. Mwaka huo huo 1948 ndo Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Shelley, ilisema mahakama haziwezi tena kulinda yale masharti ya kwenye hati kwamba nyumba hii asiuziwe mweusi wala asikae mweusi. Yaani mpaka juzi yake tu jirani alikuwa anaweza kwenda mahakamani kukutoa kwenye nyumba uliyolipia kwa jasho lako! Na mji unajaa, 1940 Weusi wa Los Angeles walikuwa kama 64,000 hivi, 1950 wameshapita 170,000, wengi wametoka Texas na Louisiana kufuata kazi za viwanda vya vita, vita vimeisha viwanda vinapunguza watu, na sehemu wanazoruhusiwa kupanga ni zile zile chache. Sasa mtu mwenye kinyumba chake pale si mtu mdogo.

Na kuna kipande kimoja hakina maiti wala kisu, kwangu ndo kinachouma kuliko vyote. Easy anarudi kiwandani kuomba kazi yake, yule bosi anamsubirisha, anataka amwone akijikunja, kidogo tu, aonyeshe ameelewa nani mkubwa. Easy anaihitaji ile kazi kuliko chochote. Anagoma, anamwambia amwite Bwana Rawlins, anaondoka mikono mitupu. Nionyesheni huo uchafu wa Weusi uko wapi hapo.

Karibuni, msiniogope.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta mada umeandika vizuri kaka ila umechagua kurasa zako. Mi ni mwanamke na nimesoma nikasimama kwa Coretta, mwanamke mmoja wa humo kitabuni. Easy analala naye huku mwanaume wake kalewa chumba cha pili, siku chache baadae Coretta kauawa, na kitabu kinampita kama gari linavyopita kituo. Kafa ili polisi wapate sababu ya kumkamata Easy, basi. Hujagusa kabisa hilo, umehesabu miti ya bustani.

Halafu tuseme na hili la soko. Kabla ya Devil in a Blue Dress Mosley alikuwa ameshaandika kitabu kingine, Gone Fishin', Easy na rafiki yake Mouse wakiwa vijana huko Texas, hakuna upelelezi, ni maisha tu ya vijana wawili weusi, wachapishaji wakakikataa. Alipoweka mzungu tajiri, msichana aliyepotea na maiti za kutosha milango ikafunguka, 1992 Bill Clinton, akiwa anagombea urais, akamtaja kuwa ni mwandishi anayempenda ndo jina likapaa. Kile cha kwanza kimekuja kutoka 1997, na akawapa Black Classic Press, wachapishaji wadogo wa Weusi kule Baltimore. Sasa nikuulize kwa heshima kaka yangu, kama maisha yetu ya kawaida hayanunuliki mpaka pawe na mtu kachomwa kisu, jamaa yako kakosea nini?

Mchangiaji wa pili:

Dada hapo juu kaongea. Ila mi naongeza kwamba hili halikuanza na Mosley. Chester Himes, mwandishi mweusi wa kabla yake, alitoa If He Hollers Let Him Go 1945, mweusi anafanya kazi kwenye kiwanda cha meli hapo hapo Los Angeles, hakuna mpelelezi, ni hasira na hofu ya kila siku kazini. Maisha ya uandishi Marekani yakamshinda, akahamia Ufaransa, huko mhariri Marcel Duhamel ndo akamwomba aandike upelelezi, akabuni askari wawili weusi wa Harlem, mtaa wa Weusi New York, na 1958 Wafaransa wakampa tuzo yao kubwa ya riwaya za upelelezi. Mtu yule yule, uchungu ule ule, kabadilisha mlango tu. Kwa hiyo mi siwalaumu waandishi, lawama ni ya aliyefunga ule mlango mwingine.

Mleta mada:

Dada kwa Coretta umenishika na sina cha kujitetea, nimerudi kusoma zile kurasa leo asubuhi na ni kweli, alistahili kuliliwa zaidi ya pale. Asante.

Kwa soko nakubali nusu. Soko lilitaka msichana wa kizungu aliyepotea, sawa, lakini angalia Mosley kawapa nini. Daphne waliyemtafuta kitabu kizima ni Ruby, ana damu nyeusi, alikuwa anaishi kama mzungu, na siku siri inapojulikana yeye mwenyewe anaona maisha yake na yule tajiri anayempenda yamekwisha. Aliyenunua kitabu kwa ajili ya mauaji kaletewa mwanamke anayekimbia ngozi ya mama yake kwa sababu mji umepangwa hivyo. Na wale polisi wanaomchukua Easy wakampiga bila kumwambia kosa, wakamwachia usiku atembee kwa miguu mwenyewe, hiyo wengine walikuwa hawajawahi kusoma ikisimuliwa na aliyepigwa. Mimi nauita ushahidi.

Kuna kimoja bado sijaelewana nacho na ningependa tukiendeleze. Mwishoni Easy anamtaja jamaa mmoja, Junior, kwa polisi kwa mauaji aliyofanya, ila Mouse, rafiki yake wa utotoni ambaye kaua zaidi, anamnyamazia. Halafu anamuuliza mzee Odell, ukijua rafiki yako kafanya ubaya unamtoa kwa sheria au unabaki naye, na Odell anamjibu kwamba marafiki ndo kitu pekee mtu alichonacho. Jamaa yangu anasema hapo mwandishi kabariki uuaji. Mi nasema sheria anayoulizwa Easy aiamini ni ile ile iliyomrusha nje usiku na mbavu zinauma, na Mouse ndo aliyekuja kutoka Houston kumwokoa wakati hakuna mwingine wa kumpigia simu. Mimi ningekuwa Easy nisingemtaja Mouse, na Junior pia nisingemtaja. Dada, wewe je?